Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamivu: ratiba hii itubane sote

Kwa: Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamivu, Kitivo cha Sayansi ya Uhandisi

Kupitia kwa: Mkuu wa Idara, ambaye barua za awali anazo

YAH: PROGRAMU YA UZAMIVU KWA KOZI NA TASNIFU INAVYOMBANA MWANAFUNZI NA KUKIACHA CHUO HURU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika sayansi ya uhandisi. Niko mwaka wa nne wa programu ambayo kwenye karatasi ni ya miaka mitatu. Utafiti wangu unahusu viungo vya kulehemu vinavyopasuka polepole kwa mzigo unaojirudia. Haya ninayoyaandika leo si mageni kwako. Nilianza kwa msimamizi wangu, akanielekeza kwa mratibu wa programu, mratibu akanipeleka idarani, na idara ikasema wenye mamlaka ni ofisi yako. Ofisi yako ilijibu kwamba suala langu linashughulikiwa. Muhula uliisha, ukaja mwingine nao ukaisha, nikauliza tena, nikajibiwa kwamba linashughulikiwa. Ndiyo maana sasa naandika mbele ya watu.

Sijaja kulalamika kwamba uzamivu ni mgumu. Nilijua ni mgumu, na sikutaka uwe mwepesi. Niliichagua programu hii pangilifu kwa hiari yangu, nikaiacha njia ya zamani ambayo mwanafunzi hukabidhiwa kwa profesa mmoja na kukaa naye hadi mmoja wao achoke. Siku ya kutukaribisha mlituahidi mambo manne: kozi za lazima za kuziba mapengo yetu, kamati ya usimamizi badala ya mtu mmoja, tathmini ya kila mwaka, na muda wa kumaliza unaojulikana. Mpango huo niliuona mzuri siku ile na leo bado nauona mzuri. Kinachonisumbua ni kwamba katika mwongozo wa programu kila kifungu kinachonihusu mimi kina tarehe na adhabu, na kila kifungu kinachokihusu chuo kimemalizia na "inapowezekana". Nimechelewa kuwasilisha fomu, nimetozwa faini. Kamati haikukaa mwaka mzima, hakuna aliyeulizwa.

Naomba niyaeleze moja moja.

1. Kozi

Programu inadai krediti 30 za kozi kabla mtu hajaruhusiwa kuwasilisha andiko la utafiti. Mwongozo wetu umeazima kipimo cha krediti cha Ulaya, ambacho huhesabu krediti 60 kwa mwaka wa masomo na saa 25 hadi 30 za kazi kwa kila krediti. Kwa hiyo kozi peke yake ni saa 750 hadi 900, yaani nusu mwaka wa kazi ya kutwa. Nusu mwaka huo singeusemea neno kama tungetoka nao na kitu mkononi.

Kozi ya Mbinu za Utafiti ilitukusanya wahandisi wa mitambo, wa umeme na wa ujenzi pamoja na wenzetu wa vitivo vingine. Tukafundishwa kuandaa dodoso, kuchagua wahojiwa, na kutafsiri majibu ya "nakubali sana", "nakubali" na "sina hakika". Ni elimu nzuri kwa anayeihitaji. Chuma changu hakijazi dodoso. Sisi tulihitaji mtu wa kutufundisha kukadiria kosa la kipimo, kupanga majaribio ili sampuli chache ziseme mengi, kusoma data inayotawanyika hata pale sampuli zote zimekatwa kwenye bamba moja, na kujua ni lini modeli ya kompyuta imethibitishwa na jaribio na ni lini imelazimishwa tu ifanane nalo. Hayo tumeyaokota wenyewe usiku, kila mtu kwa njia yake, na ninaogopa kusema wangapi kati yetu wameyaokota vibaya.

Halafu kuna kozi ambayo haikufundishwa kabisa. Elementi finiti ya ngazi ya juu, yaani kukokotoa mkazo kwa kompyuta kwa kuligawa umbo katika vipande vidogo, ni ya lazima kwa kundi letu. Muhula ilipopangwa, mhadhiri wake alikuwa likizo ya utafiti, haki yake kabisa, na hakuwekwa mtu wa kushika nafasi. Tukaambiwa tusubiri mwaka unaofuata. Tulisubiri, na huku muda wetu wa programu ukiendelea kuhesabiwa.

2. Kamati ya usimamizi

Mwaka 2005, mjini Salzburg, Austria, semina ya wadau wa elimu ya juu wa Ulaya ilitoa kanuni kumi za uzamivu. Mwongozo wetu unazitaja kwa fahari katika kurasa zake za mwanzo. Mojawapo inasema usimamizi na tathmini vijengwe juu ya mkataba ulio wazi, unaogawa majukumu kati ya mwanafunzi, wasimamizi na taasisi. Mimi nina barua ya udahili, nina fomu ya ada, nina tamko la kutonakili kazi ya mtu. Mkataba unaosema msimamizi atasoma sura yangu ndani ya muda gani sijawahi kuuona, wala sijakutana na mwenzangu aliyeuona.

Tathmini ya mwaka tunayo, kwa jina. Fomu yake inaishia na visanduku vitatu: maendeleo yanaridhisha, yanaridhisha kwa masharti, hayaridhishi. Chini yake kuna nafasi za saini tatu. Nilirudishiwa fomu yangu ikiwa na alama kwenye "yanaridhisha" na saini zote tatu, wino mmoja, tarehe moja. Sehemu ya "muhtasari wa majadiliano" ilikuwa tupu, kwa sababu majadiliano hayakuwepo. Mmoja wa waliosaini alikuwa safarini wiki ile, na mwingine nilikuja kumsalimia miezi baadaye kwenye ngazi akaniuliza mada yangu inahusu nini.

Mtu angesema nishukuru, si nimepita? Lakini mwanafunzi anayeambiwa kila mwaka kwamba anaridhisha, halafu mwaka wa nne kamati hiyohiyo ikaona upeo wa utafiti wake ulikuwa mpana mno tangu mwanzo, alinyimwa onyo ambalo programu ilimwahidi. Hilo limewapata wenzangu. Mmoja amekata sura mbili zilizokamilika.

3. Mashine moja, na namba zisizoaminika

Hapa naomba uvumilivu wako, Mkurugenzi, maana hapa ndipo sayansi ya uhandisi inapoachana na fani nyingine zinazotumia mwongozo huohuo.

Jaribio la uchovu wa metali ni rahisi kulieleza. Unaibana sampuli kwenye taya za mashine, unaivuta na kuiachia, unaivuta na kuiachia, hadi ipasuke au ifike idadi ya mizunguko uliyojiwekea. Kazi hii ilipewa misingi yake katikati ya karne ya 19 na August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, kwa sababu ekseli za treni zilikuwa zikikatika chini ya mizigo ambayo kwa hesabu za wakati ule zilitakiwa kuihimili. Ajali ya treni ya Versailles, Ufaransa, mwaka 1842, iliyoua watu zaidi ya 50, ilianza na ekseli ya injini iliyokatika. Tangu enzi hizo vifaa vimebadilika sana, lakini mizunguko bado lazima ipite mmoja baada ya mwingine.

Sasa fanya hesabu nami. Mashine ya haidroli ikienda mizunguko 10 kwa sekunde, kufika mizunguko milioni 10 kunahitaji sekunde milioni moja. Hizo ni zaidi ya siku 11 na nusu, usiku na mchana, kwa sampuli moja. Mchoro wa kuaminika unaoonyesha mkazo, yaani nguvu kwa kila kipande cha eneo la chuma, dhidi ya idadi ya mizunguko unahitaji viwango kadhaa vya mzigo, na kila kiwango kirudiwe, kwa sababu viungo vya kulehemu hutawanyika mno. Sampuli nyingi zitapasuka mapema, tushukuru. Lakini zikifika mwisho saba tu, hizo ni siku 81 za mashine kuunguruma bila kusimama, na hapo hujahesabu umeme kukatika, mafuta ya haidroli kuvuja, wala kipuri kinachosubiriwa kutoka kwa mtengenezaji.

Mashine ya aina hiyo kitivoni ipo moja. Inatumiwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa mafunzo kwa vitendo, na kampuni za nje zinazolipia vipimo, na sisi wa uzamivu. Daftari la zamu linaning'inia kwa kamba ubavuni mwa mashine. Lifungue uone: jina la mwanafunzi wa uzamivu limekatwa kwa mstari wa rula, na juu yake, kwa mwandiko mwingine, pameandikwa jina la mteja. Hakuna saini ya aliyekata. Nilikuta sampuli yangu imewekwa mezani juu ya kitambaa, ikiwa imefika zaidi ya nusu ya safari. Unaweza kuirudisha kwenye taya, ndiyo, lakini huwezi kuapa mbele ya mtahini kwamba imekaa vilevile ilivyokaa, na mkao ukipinda kidogo tu unaongeza mkazo wa kukunja ambao hukuupima. Sampuli hiyo nimeiondoa kwenye matokeo.

Kubwa kuliko hilo ni uhakiki. Mashine hii ilifunguliwa vipande ikahamishwa kutoka jengo la zamani na kufungwa upya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7500-1, kinachohusu mfumo wa kupima nguvu katika mashine za namna hii, kinapendekeza uhakiki usipitishe miezi 12, na kinataka urudiwe pale mashine inapohamishwa kwa kufunguliwa au inapofanyiwa matengenezo makubwa. Kibandiko cha uhakiki kilichopo kina tarehe ya kabla ya kuhama. Fundi sanifu wa maabara, ambaye namheshimu kuliko watu wengi wenye ofisi, alichukua kihisio chake cha akiba cha kupima nguvu, akakifunga mfululizo na kile cha mashine na kupandisha mzigo taratibu. Skrini mbili zilisoma namba mbili tofauti. Hakusema neno. Alizima, akafuta mikono, akaniangalia.

Kwa asiye mhandisi, tofauti ndogo inaweza kuonekana jambo la kuvumilika. Kwa viungo vya kulehemu, idadi ya mizunguko kabla ya kupasuka hupungua kwa kipeo cha tatu cha mkazo. Kosa la asilimia 5 kwenye mzigo linakuwa kosa la takriban asilimia 15 kwenye maisha ya kiungo. Kuna mtu atakayeketi siku moja na mchoro wangu mbele yake akisanifu fremu ya lori au boriti ya daraja. Na kabla yake kuna mtahini wa nje, ambaye swali lake la kwanza litakuwa: mashine yako ilihakikiwa lini? Hilo jibu si langu kulitoa, lakini atakayesimama mbele na kuulizwa ni mimi.

4. Makala mbili kabla ya kutetea

Sharti la kuwa na makala mbili zilizokubaliwa na majarida kabla ya kutetea tasnifu nalielewa lilikotoka. Linataka kuhakikisha kazi imepitiwa na macho ya nje. Ila jarida halifuati kalenda yetu. Wapitiaji hujitolea, hukaa na makala miezi mingi, na mmoja akiomba jaribio la nyongeza tunarudi kwenye daftari lilelile lenye kamba. Matokeo yake wanafunzi wanaokaribia ukomo wa muda wanashawishika kwenda kwenye majarida yanayouza kurasa, na kila mmoja kitivoni anajua ni yapi.

Zaidi ya hapo, mwongozo unakubali tu majarida ya kiwango fulani cha nukuu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu tathmini ya utafiti liliandikwa kupinga hasa tabia hiyo, ya kuipima kazi ya mtu kwa hadhi ya jarida badala ya kuisoma. Tasnifu ina watahini. Waiseme wao.

5. Saa ya programu na ada

Ufadhili unakoma mwezi wa 36, na ada ya nyongeza inaanza mwezi wa 37. Kanuni za Salzburg mnazozitaja zinasema miaka mitatu hadi minne kwa anayesoma muda wote. Ninyi mmechukua ile mitatu. Wanaochelewa kwa uzembe wao walipe, sina tatizo. Lakini mfumo hautenganishi aliyelala na aliyesubiri kozi isiyofundishwa. Wote wanapata ujumbe uleule wa barua pepe, wenye maneno "umeshindwa kukamilisha ndani ya muda".

Mwenzetu aliyejifungua alipewa likizo kwa barua iliyosainiwa, na mfumo wa usajili ukaendelea kumhesabia miezi. Alipofuatilia aliambiwa barua haikufika kwa anayeingiza data. Nani alitakiwa kuifikisha? Akaambiwa ni yeye.

6. Tasnifu zinazolala

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu bado halijanifika. Wapo waliowasilisha tasnifu, wakamaliza kila kitu, na kazi yao iko kwenye bahasha ikisubiri mtahini wa nje ateuliwe. Uteuzi ungeweza kuanza miezi mitatu kabla ya kuwasilisha, kwa taarifa ya kusudio ambayo tayari tunaijaza. Tunaijaza ili iende wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi, najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nimeshapewa.

La kwanza ni bajeti. Ni kweli uhakiki wa mashine unagharimu, na kihisio kipya kinagharimu zaidi. Lakini mashine hiyohiyo inaingiza fedha kutoka kwa wateja wa nje, na wateja hao wanapewa ripoti yenye nembo ya kitivo. Ikiwa fedha hizo haziwezi kulipia kibandiko chenye tarehe ya mwaka huu, basi tatizo letu ni kubwa kuliko uzamivu, na ningekuwa mteja ningependa kulijua. Mengi ya ninayoyaomba hayahitaji hata senti. Kikao cha kamati hakinunuliwi dukani.

La pili ni kwamba uzamivu ni kujitegemea, na mwanafunzi wa kweli hutafuta njia. Hoja hii hupendwa na waliosoma zamani. Josiah Willard Gibbs, mwanasayansi wa Marekani, alipata uzamivu wake Yale mwaka 1863, miaka miwili tu baada ya chuo hicho kutoa shahada za uzamivu kwa mara ya kwanza nchini Marekani. Tasnifu yake ilihusu umbo la meno ya gia, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya jiometri. Karatasi, kalamu na akili ya ajabu vilimtosha. Mada yangu haiwezi kufanywa hivyo, na chuo kilipoipitisha kilijua haiwezi. Prussia ilipovipa vyuo vyake vya ufundi haki ya kutoa udaktari wa uhandisi mwaka 1899, ilikuwa ni kukubali kwamba uhandisi nao ni sayansi, na sayansi hiyo inaishi kwenye maabara. Siwezi kujitegemea kwa mashine ambayo ufunguo wake hauko kwangu.

La tatu: wenzenu mbona wamemaliza kwa wakati? Wamemaliza, na nawapongeza kwa moyo mweupe. Wengi wao walifanya kazi ya modeli kwenye kompyuta, au walikuwa na maabara ya mshirika wa viwandani. Hiyo inaonyesha programu inafanya kazi kwa asiyehitaji vifaa vyake.

La nne, ambalo hunikera zaidi: mlisoma masharti mkasaini. Tulisaini. Na ofisi yako ilisaini barua ya udahili iliyotaja kozi, kamati na maabara. Ahadi ni deni kwa pande zote mbili.

Huenda pia nikaambiwa kwamba programu pangilifu ni jambo jipya na lina changamoto za mwanzo. Si jipya kiasi hicho. Ujerumani ilianza kufadhili makundi ya namna hii mwaka 1990 kupitia mfuko wake wa utafiti, DFG, na kila kundi lilikuja na fedha zake na mada yake inayowaunganisha maprofesa na wanafunzi. Uingereza ilipoanzisha udaktari wa uhandisi unaofanyika pamoja na viwanda mwaka 1992, iliupa miaka minne tangu mwanzo, maana ilijua kozi na kazi ya kiwandani vinakula muda. Na wasimamizi wa zile kanuni za Salzburg walipozirejea mwaka 2010, walisema krediti zinaweza kufaa kwa sehemu ya kozi lakini hazina maana katika kuupima utafiti wenyewe. Sisi tumechukua krediti, ratiba na fomu, vile vinavyochapishwa kwa urahisi. Mafundi, vipuri na vikao vimebaki huko tulikoviazima.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe moja moja:

(a) Muda wa programu usimamishwe kila ucheleweshaji unapotokana na chuo: kozi ya lazima isiyofundishwa, mashine iliyoharibika au kukosa uhakiki, mtahini ambaye hajateuliwa. Usimamishwe kwa maandishi, na ada ya nyongeza isitozwe kwa kipindi hicho. Waliokwishatozwa kwa sababu hizo warejeshewe, au ihesabiwe kwenye muhula ujao.

(b) Mashine ya kupima uchovu ihakikiwe sasa, cheti kibandikwe ukutani, na matokeo yaliyopatikana tangu ilipohamishwa yatolewe tamko rasmi. Hili la tamko nalisisitiza. Tupo kadhaa wenye tasnifu zilizojengwa juu ya namba hizo, na kila mmoja anasubiri mwenzake aseme kwanza.

(c) Zamu ya uzamivu ikishaingia kwenye daftari isifutwe bila idhini ya maandishi ya mkuu wa maabara, na mwenye zamu aarifiwe kabla sampuli haijaguswa.

(d) Kamati ikae angalau mara moja kwa mwaka, mwanafunzi akiwepo, na fomu isiyo na muhtasari wa majadiliano ikataliwe na ofisi yako kama inavyokataliwa fomu yangu ikikosa risiti ya ada.

(e) Mkataba wa usimamizi wenye sahihi tatu, ya mwanafunzi, ya msimamizi na ya kitivo, ukitaja muda wa kurudisha sura iliyosomwa.

(f) Kitivo kiwe na kozi yake ya mbinu za utafiti, ya vipimo na takwimu za majaribio. Wahadhiri wa kuifundisha tunao. Wawili kati yao wameshasema wako tayari, mkiwauliza.

(g) Sharti la makala libadilishwe liwe makala moja iliyokubaliwa, au mbili zilizowasilishwa ambazo kamati imezisoma na kuziridhia.

Sidai yote yatekelezwe kwa siku moja. (a) na (d) yanahitaji waraka wa ukurasa mmoja kutoka ofisini kwako. (b) haliwezi kungoja.

Bodi ya kitivo inakutana kabla ya muhula kufungwa. Naomba jibu la maandishi kabla ya kikao hicho, na naomba suala hili liwekwe kwenye ajenda, wawakilishi wa wanafunzi wa uzamivu wakiwepo ukumbini na si kusubiri koridoni. Niko tayari kuja na daftari la zamu, nakala ya fomu yangu, na picha ya kile kibandiko. Msimamizi wangu hakuiona barua hii kabla haijatoka, kwa hiyo naomba asiitwe kuielezea. Na fundi sanifu niliyemtaja alifanya kazi yake tu. Akiulizwa, aulizwe namba alizosoma.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Programu ya Uzamivu wa Sayansi ya Uhandisi
(Jina na namba ya usajili vimo kwenye nakala iliyopokelewa na kugongwa muhuri masjala.)

Nakala:
Mkuu wa Kitivo
Mwenyekiti wa Bodi ya Kitivo
Mratibu wa Programu
Umoja wa Wanafunzi wa Uzamivu
Ubao wa matangazo, maabara ya nguvu za vifaa